Nani Anamgeuza Mama Saa Nane ya Usiku?



Nimeombwa nizungumzie malezi ya wazee. Mniwie radhi, sitazungumzia malezi. Juu ya heshima na radhi za wazazi mmeshahubiriwa vya kutosha, kanisani, msikitini na kwenye vikao vya ukoo, na wengi wenu mnajitahidi. Mimi nitazungumzia kazi. Kumwogesha mtu asiyeweza kusimama, kumlisha mtu ambaye koo lake halimtii, kumgeuza usiku, kuutunza mpira wake wa mkojo usipate uchafu, na kutambua kwamba leo hali yake si ya jana ingawa mwenyewe hawezi kusema. Hiyo ni kazi ya uuguzi. Ina ujuzi wake na ina makosa yake yanayoua. Hapa kwetu tumemwachia mtu mmoja: binti aliyeletwa kuosha vyombo na kufua.

Mlima huu wa Kilimanjaro mnaujua kuliko mimi. Desemba magari yanapanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, mbuzi wanachinjwa, kihamba, yaani shamba la ukoo, kinajaa watoto wasiojuana majina. Wiki ya kwanza ya Januari geti linafungwa. Anayebaki ndani ni mama wa miaka 82 aliyepooza upande wa kulia, mjukuu wa darasa la sita, na dada wa kazi. Watoto si wabaya, tena wengine ni watoto wa mfano: fedha inaingia kwenye simu kila mwisho wa mwezi, dawa za presha zinanunuliwa, Jumapili mama anapigiwa simu ya video. Wanamwona usoni, wanaridhika. Kamera haiwaonyeshi mgongo.

Msidhani nazungumzia familia chache. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu kiharusi nyumba kwa nyumba katika maeneo mawili, Wilaya ya Hai hapo jirani na sehemu ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri ili hesabu zilinganishike, Hai walipata wagonjwa wapya 109 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Namba ile ya Dar ilikuwa miongoni mwa namba kubwa kabisa zilizowahi kuandikwa duniani wakati huo. Wapo wanaofariki siku za mwanzo. Waliobaki hurudishwa nyumbani, na hapo ndipo hospitali inapomaliza hadithi yake na familia inapoanza ya kwake.

Sasa tuingie chumbani. Tuanze na huo mgongo.

Mtu mwenye afya akilala hujigeuza mara nyingi usiku bila kujua. Aliyepooza hajigeuzi. Akilazwa chali, uzito wa kiuno chote unakaa juu ya mfupa ulio juu kidogo ya makalio, na ngozi iliyobanwa kati ya mfupa ule na godoro inakosa damu. Vitabu vingi tulivyosomea vinasema tafuta wekundu, kwa sababu viliandikwa na watu wanaouguza ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu ukisubiri wekundu umechelewa. Weka mgongo wa kiganja chako: pana joto kuliko pembeni? Bonyeza kidogo: pamekuwa pagumu, au pamelainika kupita kawaida? Tazama kwenye mwanga wa dirisha, si wa taa: pamekuwa peusi zaidi, au pana zambarau? Kama anaweza kusema, muulize kama panauma. Ukikuta lolote kati ya hayo, asilalie tena sehemu hiyo mpaka irudi hali yake. Na usisugue. Najua mama zangu mmezoea kusugua kwa mafuta ya nazi au spiriti. Ngozi iliyokwisha kubanwa ina mishipa midogo inayopasuka kwa kusuguliwa. Ile pete ya mpira ya kukalia nayo iacheni dukani, kwa kuwa inahamisha mbano kutoka katikati na kuupeleka kwenye duara lake.

Kugeuza kwenyewe kuna namna. Mgonjwa havutwi kama gunia, maana shuka linabaki na ngozi ya chini inabaki nalo. Tandika khanga iliyokunjwa mara mbili, kuanzia mabegani mpaka mapajani. Watu wawili washike kingo, wainue kidogo, wamsogeze. Kisha mlaze kwa ubavu, lakini si ubavu kamili. Mto mmoja mgongoni, aegemee nusu tu, asikalie mfupa wa nyonga. Mto wa pili chini ya muundi, ili kisigino kibaki hewani. Kisigino ndicho kinachosahaulika. Nimeona visigino vimeoza kwa wagonjwa ambao migongo yao ilikuwa safi kabisa, kwa sababu mtu alikuwa ameambiwa habari za mgongo tu.

Tunafundisha kila saa mbili. Kwenye godoro zuri la povu, na kwa mtu ambaye ngozi yake bado imara, saa zinaweza kusogea. Tuchukue mbili. Ni mara 12 kwa siku, na angalau nne kati ya hizo zinaangukia usiku. Basi nauliza, na nauliza kwa watu wazima: saa nane ya usiku nani anaamka? Dada wa kazi aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akapika, akafua, akamwandaa mtoto wa shule, akamwogesha mama? Anaamka wiki ya kwanza. Wiki ya pili anaamka mara moja. Wiki ya tatu mwili wake unakataa, na huo si uvivu. Kidonda kikishatoboka kinakula ndani kuliko kinavyoonekana juu. Kinatoa maji yenye protini ambayo mzee mwenyewe hana ya kutosha, kinaingiwa na vijidudu, na siku moja homa inapanda. Kwenye kumbukumbu za msiba tunaandika kiharusi.

Jambo la pili ni chakula, na hapa upendo hasa ndio unaoua.

Wengi waliopata kiharusi hupoteza kwa muda uwezo wa kumeza sawasawa. Watu wanadhani kilicho chepesi ndicho salama, hivyo wanaanza na maji, chai, mchuzi. Ni kinyume. Maji yanakimbia, koo lililochelewa kufunga mlango wa hewa linakuta yameshapita kwenda kwenye mapafu. Kitu kizito kidogo, laini, chenye mshikamano, kinatembea polepole na kinampa mtu nafasi. Na hapa, ndugu zangu, bibi zetu walikuwa mbele ya hospitali: mtori uliopondwa vizuri, usiwe na nyuzi za nyama, unafaa kuliko nusu ya vyakula vya kopo vinavyouzwa kwa bei ya ajabu. Lakini kabla ya kijiko cha kwanza kuna kazi. Mkalishe wima, si kwenye mto mmoja kama anayesoma gazeti. Kiuno kikae vizuri, kichwa kiiname mbele kidogo. Nusu kijiko, upande ulio mzima. Subiri ameze, mwambie atoe sauti. Sauti ikiwa na majimaji, kama mtu anayeongea huku ana maji kooni, acha. Angalia shavu lililopooza, maana chakula hujificha humo na kushuka baadaye akiwa amelala. Akimaliza, abaki wima nusu saa.

Wapo wasiokohoa wanapopaliwa. Chakula kinaingia mapafuni kimya kimya, na baada ya siku mbili mzee ana homa. Anapelekwa duka la dawa, anapewa dawa ya malaria. Homa haishuki, anaambiwa ni yutiai, anapewa nyingine. Muuguzi aliyemzoea mgonjwa huyo angehesabu pumzi zake kwa dakika moja na kujua tatizo lilipo. Kuhesabu pumzi hakuhitaji mashine. Kunahitaji mtu aliyefundishwa, aliyekuja jana na atakayekuja kesho.

Juu ya usahaulifu nitapita haraka, ingawa unastahili mhadhara wake. Hapo Hai, utafiti uliochapishwa 2013 uliwapima watu wa miaka 70 na kuendelea, na baada ya kusawazisha umri asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa kupungua kwa uwezo wa akili ambao wataalamu huuita dementia. Familia nyingi huita uzee tu, na zingine huita jina baya zaidi. Mama anayetoka usiku akitafuta nyumba aliyozaliwa, akakutwa uani kwa jirani bila nguo, anaweza kupakaziwa uchawi, na mnajua katika baadhi ya mikoa yetu tuhuma hiyo inaishia wapi. Huko huko Hai kulijaribiwa vikundi vya wazee wa namna hiyo, vikao 14 vya nyimbo, michezo, kukumbushana mambo ya zamani, na hali yao ilionekana kuwa bora. Hakukuwa na kidonge hata kimoja. Kulikuwa na watu waliofundishwa.

Basi kwa nini hatuna huduma hii? Nasikia majibu mawili, utamaduni na fedha.

La utamaduni nalikataa. Tunaambiwa Mwafrika hamkabidhi mzazi wake kwa mtu wa nje. Haya, baba mkwe amepooza, watoto wa kiume wako mbali, nyumbani yuko mke wa mwana. Ni nani kati yenu atamwambia huyo mama amvue nguo baba mkwe wake na kumsafisha? Haiwezekani, na si hapa mlimani tu. Nendeni Tanga, nendeni Pemba. Matokeo yake mzee anasafishwa mara moja kwa siku na kijana wa kuchunga ng'ombe, au hasafishwi. Mtoto wa kiume kumwogesha mama yake mzazi nako ni mzigo kwa wote wawili, na mama wengi huanza kujinyima maji ili wasimsumbue mtoto, kisha wanapata mkojo mchafu na kuchanganyikiwa. Muuguzi hana ukwe na mtu. Anaingia kwa kazi yake, anafunga pazia, anafunika sehemu asiyoiosha, anamaliza, anatoka, na familia inabaki na heshima zake zote. Utamaduni wetu, ukiutazama vizuri, unamhitaji mtu wa nje kuliko wa Wazungu.

Tena si kweli kwamba hatujawahi kuwa na huduma hii. Wauguzi wa rika langu mnakumbuka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na kufikia miaka ya 1990 wodi zilikuwa zimejaa, watu wawili kitanda kimoja na wa tatu chini. Dawa hazikuwepo. Hospitali ikakubali kwamba haiwezi, ikatoka nje. Dayosisi, halmashauri, vikundi vya kina mama, wakawapata watu wa kujitolea, wakawapa mafunzo na mkoba wenye glovu, bandeji, dawa ya maumivu na chumvi ya kuongeza maji mwilini. Juu yao akawepo nesi wa kuwasimamia. Walitembea kwa miguu, kwa baiskeli. Waliosha, waligeuza, walikaa na mtu akifa. Kisha dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure mwaka 2004, watu wakainuka vitandani, Mungu ashukuriwe, na huduma ile ikageuka polepole kuwa ya kufuatilia kama mtu anameza vidonge. Ilikuwa sahihi kwa ugonjwa ule. Lakini ujuzi wa kitandani ulibaki mikononi mwa watu wachache, nao sasa wanazeeka. Hakuna aliyeuliza kama mgonjwa wa kiharusi naye angeweza kutembelewa na mkoba ule ule.

Jirani zetu Uganda walifika mbali zaidi katika jambo moja. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha hospisi Kampala, na mofini ya maji ya kunywa, inayochanganywa humo humo nchini kwa gharama ndogo, ikaanza kwenda hadi majumbani. Kikwazo kilikuwa sheria: daktari pekee ndiye aliyeandika mofini, na daktari hafiki kijijini. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni, ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuiandika. Mnaona tofauti? Muuguzi akifika nyumbani bila mamlaka ya kufanya lolote, huyo ni mgeni wa kujulia hali.

Na asitokee mtu akasema wenzetu Ulaya waliletewa jambo hili na serikali zao. Liverpool, 1859, mfanyabiashara William Rathbone alikuwa amemwajiri muuguzi, Mary Robinson, amuuguze mkewe nyumbani. Mke alipofariki, Rathbone akafikiri: kama mimi tajiri nimeokolewa na mikono ya mtu huyu, maskini wanafanyaje? Akamlipa aende kwenye nyumba za maskini kwa miezi mitatu. Baada ya mwezi mmoja mama yule akarudi akilia, anaomba aachishwe, alichokiona kilimzidi. Akabembelezwa, akarudi, na miezi ilipokwisha hakutaka tena kazi nyingine. Rathbone akamwandikia Florence Nightingale kuomba wauguzi zaidi, naye akamjibu kwamba hawapo, afundishe wake. Akafungua shule. Uuguzi wa mitaani Uingereza ulianzia hapo, kwa mwanamke mmoja na kikapu.

Sasa fedha. Hapa siwezi kuwadanganya. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, jambo la kupongezwa. Kenya ina mpango kama huo, Inua Jamii, shilingi 2,000 za kwao. Kwa mzee asiyeweza kuzuia haja, fedha ya namna hiyo inaishia kwenye pampasi za wakubwa kabla mwezi haujafika nusu. Huku Bara, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatibiwa bila malipo, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Ni dirisha zuri. Aliyelala miezi minane hafiki dirishani. Ujerumani walianzisha bima ya utunzaji 1995, Japani 2000, na Japani mtu anaanza kuichangia akiwa na miaka 40. Sisemi tuige kesho. Nasema sisi nasi tumepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na wanaojadili kitita cha mafao wakumbushwe kwamba ziara ya muuguzi nyumbani ni tiba. Serikali pia ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa 137,294. Wanapita nyumba kwa nyumba tayari. Wafundishwe kugeuza, kulisha, kutazama mgongo, na kumpigia simu nesi wa zahanati.

Wakati huo huo fedha nyingine inatumika bila kuhesabiwa. Vijana wetu wengi, waliotoka hapa na hata Kenya, wanafanya kazi ya kuhudumia wazee Minnesota, Massachusetts, Texas. Sheria ya Marekani ya 1987 inataka msaidizi wa muuguzi kwenye nyumba za wazee asome saa zisizopungua 75 na afanye mtihani. Saa 75, ndugu zangu, hazizidi wiki mbili. Kwa hiyo yupo binti wa Marangu anayejua kumgeuza bibi wa Kimarekani bila kumchubua, analipwa kwa hilo, na sehemu ya mshahara huo anaituma nyumbani imlipe dada ambaye hajawahi kufundishwa hata dakika moja amhudumie mama yake. Simlaumu. Nashangaa tu kwamba wiki mbili hizo tumeshindwa kuzitoa sisi, ilhali tuna wauguzi waliohitimu wanaokaa nyumbani wakisubiri ajira.

Kuna kampuni na mawakala, Dar es Salaam na Nairobi hasa, wanaoleta watu wa kuhudumia wazee. Baadhi wanafanya kazi nzuri. Wengine wanakuletea mtu aliyevaa gauni jeupe, na gauni jeupe linashonwa na fundi yeyote. Anayejiita muuguzi mwombeni leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Anayo au hanayo. Kama si muuguzi, uliza nani anamsimamia, anakuja siku gani, na ataandika wapi alichokiona. Nyumba isiyo na daftari la mgonjwa haina huduma, ina ujasiri. Na yeyote mtakayemweka, muuguzi au dada, mpeni siku ya kupumzika na mtu wa kupokezana naye usiku. Mkiweza kuchanga kwa ajili ya harusi, mnaweza kuchanga kwa ajili ya zamu ya usiku. Ni kamati ile ile.

Nimalize na ninyi mlioketi nyuma, wanafunzi wa uuguzi. Sera sitegemei mzibadilishe mwaka huu. Lakini siku ya kumruhusu mgonjwa iko mikononi mwenu. Mmeiona inavyokwenda: bili, mfuko wa dawa, tarehe ya kliniki, na sentensi moja, "mkamtunze vizuri." Anayeambiwa sentensi hiyo ni kaka mwenye funguo za gari, ambaye kesho yuko Dodoma. Msikubali. Ulizeni ni nani atakayekaa naye, na aitwe huyo, hata kama ni dada wa kazi, hata kama itabidi gari lirudi kumfuata. Siku mbili kabla, amgeuze mgonjwa mbele yenu kwa mikono yake. Amlishe vijiko vitano mkiwa mmesimama hapo. Aguse mgongo na visigino, aseme anachokihisi. Akikosea, arudie. Mwandikieni kwenye karatasi, kwa Kiswahili na kwa herufi za kusomeka, dalili za kumrudisha mgonjwa hospitali. Halafu chukueni simu ninyi wenyewe, msiiachie familia, muwapigie zahanati iliyo karibu na kwao muwaambie nani anakuja na siku gani anatakiwa kutembelewa.